Neosho (AO-23): naomba tunyooshe historia ya kazi yake, 1939 hadi 1942

BatliMpya

Wakuu, habari za jioni. Naandika makala ya Kiswahili kuhusu Neosho, ile meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani iliyopigwa kwenye Bahari ya Matumbawe mwezi Mei 1942. Maandishi ninayo mengi, lakini kila nikiyapanga pamoja yanagombana.

Kwanza, asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor, matangi yake yalikuwa yamejaa petroli ya ndege au matupu? Wengine wanaandika kwamba ingelipuka na kuteketeza kila kilichokuwa jirani, wengine wanasema ilikuwa imeshashusha mzigo wote kwa hiyo hatari haikuwepo. Pili, saa ya shambulio la tarehe 7 Mei: kila mwandishi ana saa yake, na tofauti inakaribia saa nzima. Tatu, waliookolewa ni 109, 123 au 127?

La nne ndilo zito, maana msomaji ataliuliza tu. Meli muhimu kiasi hicho iliachwaje na msindikizaji mmoja? Na ilikuwa ikiwajaza wenzake mafuta katikati ya bahari kwa njia gani hasa? Hapo nahitaji kamba, mipira, vali na mwendo. Maneno ya jumla ninayo tayari.

TeziNaOmo

Mkuu, anza na meli yenyewe kabla hujafika vitani, kwa sababu sifa iliyoifanya itafutwe na kila admirali iliwekwa kiwandani.

Neosho ni ya aina ya Cimarron. Namba za kwanza za aina hiyo ni AO-22 Cimarron, AO-23 Neosho na AO-24 Platte. Mkuku wake (uti wa chini wa meli) uliwekwa tarehe 22 Juni 1938 katika kiwanda cha Federal Shipbuilding, Kearny, New Jersey. Ilishushwa majini tarehe 29 Aprili 1939 na kuingia jeshini tarehe 7 Agosti 1939. Jina ni la mto unaopita Kansas na Oklahoma. Meli za mafuta za jeshi hilo zilikuwa zikipewa majina ya mito, kwa hiyo ukikutana na Neches, Tippecanoe au Kanawha ujue uko kwenye ukoo huohuo.

Urefu wake ni futi 553, yaani kama mita 168 na nusu. Upana futi 75. Ikishiba mzigo ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 25,000. Matangi ya aina hii yalibeba mapipa kama 146,000. Pipa moja la mafuta ni lita 159, kwa hiyo weka lita milioni 23 na kitu. Injini za mvuke zilizungusha rafadha mbili na kuipa mwendo wa noti 18 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa).

Hiyo noti 18 ndiyo uipigie mstari. Meli ya mafuta ya biashara ya miaka ile ilitosheka na noti 12 au 13, maana mfanyabiashara hana haja ya kuchoma mafuta ya ziada ili awahi. Cimarron na wenzake walitokana na mapatano: kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilitaka meli za mafuta, serikali ikagharimia nguvu ya injini iliyozidi mahitaji ya biashara, ili vita ikizuka ziweze kufuatana na manowari. Meli 12 zilijengwa kwa mpango huo.

Ukitaka kuona noti 5 zina thamani gani, tazama kisiwa cha Wake mwezi Desemba 1941. Admirali Frank Jack Fletcher alikuwa akienda kukiokoa kutoka kwa Wajapani akiwa na meli ya kubebea ndege Saratoga, na meli yake ya mafuta ilikuwa Neches, ya zamani, isiyofika hata noti 13. Kundi zima likatembea kwa mwendo wa Neches. Tarehe 22 Desemba akasimama kuzijazia destroya katika bahari iliyochafuka. Kamba za kuvutana zikakatika, mipira ikapasuka. Kesho yake Wake kikaanguka na kundi likaitwa lirudi. Kulikuwa na sababu nyingine za kurudishwa, lakini ratiba ilikuwa imeshaliwa na mafuta. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Januari 1942, Neches ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani I-72, na safari ya Lexington, meli nyingine ya kubebea ndege, ya kwenda kuipiga Wake ikafutwa palepale kwa sababu hakukuwa na meli nyingine ya kuilisha.

Nimerefusha hapo kwa makusudi. Ukimweleza msomaji Wake na Neches kwanza, hatashangaa Neosho ilikuwa ikitafutwa kwa ajili gani.

Baada ya kuingia jeshini ilifanyiwa mageuzi katika kiwanda cha jeshi cha Puget Sound, kazi iliyokamilika tarehe 7 Julai 1941. Kuanzia hapo ikawa inabeba petroli ya ndege kutoka bandari za pwani ya magharibi ya Marekani hadi Pearl Harbor. Safari ya mwisho ya kipindi hicho ilifika tarehe 6 Desemba.

Asubuhi ya pili yake ilikuwa kwenye gati ya petroli ya kisiwa cha Ford, katikati ya mstari wa manowari kubwa: California upande mmoja, Oklahoma na Maryland upande wa pili. Kapteni John S. Phillips aliitoa gatini chini ya mabomu saa 2:42 asubuhi, mizinga yake ikifyatua, akaipitisha kando ya Oklahoma iliyokuwa imeshapinduka na kuifikisha Merry Point. Watu watatu walijeruhiwa. Phillips alipewa nishani ya Navy Cross kwa kazi ile.

Miezi mitano iliyofuata ilizunguka na makundi ya meli za kubebea ndege, mara nyingine ikiwa na msindikizaji, mara nyingine peke yake kwa sababu destroya hazikutosha. Mwanzoni mwa Mei iliungana na kundi la Fletcher. Tarehe 6 Mei ilizijazia meli ya kubebea ndege Yorktown na kruza Astoria, kisha ikapelekwa kusini pamoja na destroya Sims. Kuanzia hapo namwachia DiraYaKusi, ndiye mwenye kuifahamu siku ile saa kwa saa.

FundiVali

Naanza na swali la kwanza. Kumbukumbu ya jeshi inasema mzigo ulikuwa umeshashushwa wote. Liandike hivyo. Usiandike kwamba hatari haikuwepo, hapo ndipo waandishi wengi wanapoteleza.

Petroli haiwaki ikiwa kimiminika, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko unashika moto mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa hadi juu lina nafasi ndogo sana ya hewa, na mle ndani mvuke huwa mzito kupita kiwango cha kulipuka. Tangi lililotoka kumwagwa lina kuta zilizolowa, tope la petroli chini, na hewa mpya iliyoingia kupitia matundu ya juu kufidia kilichotoka. Hilo ndilo bomu. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa, hautoki wenyewe. Unalala chini ya tangi na kwenye mifereji mpaka usukumwe kwa gesi isiyowaka au kwa maji. Neosho ilikuwa imemaliza kushusha, ikijiandaa kwa safari ya kurudi. Kwa fundi wa mafuta, "imeshashusha" maana yake ni matangi yaliyojaa mvuke. Phillips alikuwa na haki ya kuihofia kuliko ambavyo angeihofia ikiwa imejaa.

Kuna hatari ya pili iliyo tofauti na hiyo. Meli iliyojaa ikitobolewa inamwaga, na petroli inayoelea juu ya maji inabeba moto kwenda kwa jirani. Kwa hiyo anayesema "ingeteketeza kila kilichokuwa jirani" anaelezea meli iliyojaa, haelezei Neosho ya asubuhi ile. Zitenganishe.

Sasa kazi yenyewe ya kujazia baharini. Nitaeleza ya 1942, halafu niguse ya leo ili usizichanganye, maana picha nyingi za mtandaoni ni za mitambo ya baadaye.

Meli ya mafuta ndiyo inayoshika njia. Inachagua uelekeo ambao mawimbi yatakuja kwa omo (mbele ya meli) au pembeni kidogo ya omo, inashika mwendo wa noti 8 hadi 12 na haibadilishi chochote. Anayepokea anatoka nyuma akiwa na noti chache zaidi, anapunguza anapolingana, na kukaa sambamba. Kwa destroya ya wakati ule nafasi kati ya meli na meli ilikuwa futi 60 hivi. Ukikaa mbali zaidi mpira haufiki.

Kisha inatupwa kamba nyembamba yenye uzito mwishoni. Inavuta kamba nene kidogo, nayo inavuta kamba za kushikana na waya wa simu. Mpira wa mafuta unaning'inia kwenye vitanda vya mbao au chuma vilivyopinda, kila kitanda kikishikwa na kamba kutoka kwenye boriti ya kreni ya meli ya mafuta, ili mpira ukae kwa umbo la mawimbi na ubaki na urefu wa ziada pale meli zikiachana. Destroya ilipewa mpira wa inchi 4, meli kubwa inchi 6. Mwisho wa mpira unafungwa kwa boliti kwenye mdomo wa bomba la mpokeaji, gasketi katikati. Hapo ndipo simu inasema "anza", pampu inaanza polepole, watu wanatazama kila kiungo, na presha inapandishwa baadaye.

Mafuta yenyewe ni mazito. Yakiwa baridi hayavutiki na pampu, kwa hiyo ndani ya matangi kuna mabomba ya mvuke ya kuyapasha. Tangi litakalotumika kesho linaanza kupashwa leo. Meli ya mafuta isiyo na mvuke haitoi mafuta hata kama matangi yamejaa, na hili litakuwa na maana ukifika tarehe 7 Mei.

Kumaliza nako kuna utaratibu: simamisha pampu, sukuma mabaki kwa hewa ya shinikizo, funga vali, fungua boliti, ziba mdomo wa mpira kabla haujainuliwa. Ukisahau kuziba, sitaha ya mwenzako inaoga mafuta mazito na kila mtu anateleza.

Yanayoharibika ni haya. Meli mbili zinazokwenda sambamba zinasukumana na kuvutana. Maji yanayosukumwa na omo yana shinikizo kubwa, yanaitenga omo ya jirani. Maji yanayokimbia katikati ya meli yana shinikizo dogo, yanazivuta mbavu zikaribiane. Kwa hiyo anayepokea husukumwa anapopita eneo la omo au tezi (nyuma) la mwenzake, na huvutwa akifika katikati. Mshika usukani anasahihisha kwa nusu digrii au digrii moja, na injini kwa mzunguko mmoja au miwili kwa dakika. Akizidisha usukani, tezi ndiyo inayokwenda kugonga. Zikikaribiana mpira unabanwa na kupasuka. Zikiachana boliti zinang'oka. Bahari ikichafuka, kamba ya mbele ya kuvutana ndiyo inayotangulia kukatika, kama TeziNaOmo alivyoeleza pale Wake.

Mtindo wa leo ni mwingine. Unatandazwa waya mmoja ulionyooshwa na mtambo unaoulegeza na kuukaza wenyewe, mpira wa inchi 7 unateleza juu yake kwa roda, na mwisho wake ni mdomo unaojibana wenyewe kwenye kikombe cha mpokeaji bila boliti hata moja. Meli zinakaa futi 140 hadi 200, mwendo noti 12 hadi 16. Kuna kamba ya kupimia yenye vitambaa vya rangi kila futi 20: kijani 0, nyekundu 20, njano 40, buluu 60, nyeupe 80, kisha kijani tena 100. Ukiona vitambaa hivyo pamoja na waya ulionyooka kwenye picha iliyoandikwa "Neosho 1942", si Neosho yetu.

DiraYaKusi

Asante TeziNaOmo. Siku yenyewe basi.

Asubuhi ya tarehe 7 Mei ndege za upelelezi za Shokaku, meli ya Kijapani ya kubebea ndege, ziliiona Neosho na Sims kusini mwa meli zao, zikaripoti meli moja ya kubebea ndege pamoja na kruza na destroya. Wajapani wakarusha ndege 78 kutoka Shokaku na Zuikaku: 18 za kivita, 36 za kushusha mabomu kwa kupiga mbizi, 24 za topido. Zilipofika zikakuta meli ya mafuta na destroya moja. Zikatafuta eneo zima kwa muda mrefu, hazikuona kingine. Za topido zikarudi na silaha zao. Za mabomu zikashambulia: 4 zikaichukua Sims, zilizobaki Neosho.

Sims ilipigwa mabomu matatu na kuzama karibu mara moja. Neosho ilipigwa mabomu saba, ndege moja iliyokuwa ikiungua ikaiangukia, na mabomu mengine manane yakaanguka majini jirani kabisa. Injini zikafa, moto ukawaka, meli ikainama, lakini haikuzama. Ilielea siku nne.

Kwa nini ilielea? Meli ya mafuta imegawanywa kwa kuta nyingi, tangi baada ya tangi, kutoka mbele hadi nyuma. Tangi tupu lisilotobolewa ni boya. Hata tangi lenye mafuta likitobolewa chini halipotezi kila kitu, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji ya chumvi na yanabaki juu. Meli ya mizigo ya ukubwa ule yenye shehena wazi ingekwenda chini kwa nusu ya mapigo hayo.

Hapa mtaje Oscar V. Peterson, mkuu wa mafundi wa boila. Alikuwa anaongoza kikosi cha kuzuia uharibifu. Wenzake wakiwa wamejeruhiwa na yeye mwenyewe akiwa ameumia vibaya, alifunga peke yake vali nne za bomba kuu la mvuke kwenye kuta za ndani, akaungua zaidi. Alifariki tarehe 13 Mei. Alitunukiwa Medal of Honor baada ya kifo chake, na destroya ya kusindikiza DE-152 ikapewa jina lake. FundiVali ameshaeleza mvuke una kazi gani kwenye meli hii. Bomba la mvuke likipasuka, chumba kizima kinageuka chungu kinachochemka. Asiyezifunga vali zile hawezi kumruhusu mtu yeyote arudi mle ndani.

Sasa saa. Jeshi la majini la Japani lilitumia saa ya Tokyo popote lilipo. Wamarekani walifuata saa ya eneo. Dunia inagawanywa kwa digrii 15 kwa kila saa moja, na mpaka wa maeneo mawili unapita longitudo 157 na nusu mashariki. Neosho ilipigwa karibu na longitudo 158. Iko mlangoni kabisa. Mwandishi mmoja akitumia eneo la magharibi na mwingine la mashariki, tukio lilelile linapata tofauti ya saa moja, na ndiyo maana wengine wanaandika saa 5 na dakika kadhaa asubuhi, wengine adhuhuri. Dawa yake ni kuchagua saa ya meli moja, kuitaja mwanzoni mwa makala, na kuhamishia saa nyingine zote huko. Ukimaliza ndipo ubadilishe kwenda saa za Kiswahili. Ukibadilisha saa za Kiswahili kwanza utakosea mara mbili na hutajua kosa liko wapi.

Idadi nayo ni nyepesi, wala hazigombani. Tarehe 11 Mei destroya Henley iliwachukua watu 123 kutoka Neosho: 109 wa Neosho yenyewe na 14 wa Sims waliokuwa wamefika pale kwa mashua. Hao wa Sims walifika 15, mmoja hakuiona Henley. Tarehe 16 Mei destroya Helm ikaokota watu 4 kwenye chelezo. 123 na 4 ni 127. Kila mwandishi alisema kweli kwa hesabu yake, tatizo ni kwamba hakuandika anahesabu nani.

BatliMpya

Nimeelewa hesabu, asante sana. Hao wa chelezo walitokea wapi? Kama meli ilielea siku nne, kwa nini kulikuwa na watu nje? Na kwa nini siku nne zote hizo wakati Fletcher alikuwa eneo lilelile?

DiraYaKusi

Maswali mawili, na majibu yote mawili ni ya kusikitisha.

Kapteni Phillips alitoa amri ya kujiandaa kuihama meli na kusubiri neno la mwisho. Katikati ya moto na kelele wengi waliisikia nusu: kuihama meli. Wakaruka, vyelezo vikashushwa, upepo na mkondo vikawachukua. Kwenye vyelezo vinne vilivyofungwa pamoja walikuwa 68, bila maji ya kunywa ya kutosha wala kivuli. Siku tisa baadaye walibaki wanne. Ukiandika sehemu hii, iandike amri yenyewe ilivyokuwa. Usiandike kwamba nahodha aliamuru watu waruke.

Kuhusu siku nne, kosa lilikuwa kwenye ramani. Nafasi ya meli iliyotumwa kwa redio ilikuwa imekokotolewa vibaya, ikakosea kwa makumi ya maili. Usiku ule Fletcher alimtoa Monaghan, destroya, aende kutafuta. Akatafuta kwa uaminifu mahali palipotajwa na hakuna alichokiona. Siku iliyofuata, tarehe 8, Fletcher mwenyewe alikuwa kwenye pigano lililoigharimu Lexington. Neosho ilipatikana kwanza na ndege ya jeshi la anga la Australia, kisha ndege ya Catalina ya Marekani, ndipo Henley ikafika tarehe 11. Baada ya kuwachukua watu, Henley iliizamisha kwa topido na mizinga, kwa sababu haikuvutika.

Angalia pia kwamba chombo kisicho na injini kinapeperuka. Hata nafasi ingekuwa sahihi saa ya kwanza, baada ya siku mbili duara la kutafutia linakuwa kubwa. Kosa la mwanzo pamoja na upeperushaji wa siku hizo ndivyo vilivyowaua watu wa vyelezo.

Kilindini42

Wakuu, naomba kuongeza jambo kuhusu msindikizaji mmoja na kuhusu zile ndege kukosea, halafu moja linalotugusa sisi wa pwani hii.

Fletcher aliamini Neosho imepelekwa nje ya eneo la hatari, kwenye mahali pa kukutania kwa ajili ya kujazia mara nyingine. Destroya zake alizihitaji kuzilinda meli za ndege. Tippecanoe, meli ya pili ya mafuta, ilishaondoka kuelekea kisiwa cha Efate. Uamuzi ule ulikuwa wa kawaida kwa miezi ile, kama TeziNaOmo alivyosema Neosho iliwahi hata kusafiri peke yake. Kasoro yake ilionekana tu kwa sababu Shokaku na Zuikaku zilikuwa zimezunguka kwa mashariki, mahali ambapo Wamarekani hawakuzitarajia.

Kuhusu kukosea: meli ya aina ya Cimarron ina urefu wa mita 168, sitaha ndefu na tambarare katikati, vyumba vimekaa mbele na nyuma. Kutoka mbali ukiwa angani kupitia ukungu, na destroya ikiwa pembeni, mtu aliyetumwa kutafuta meli ya kubebea ndege ataiona anayoitafuta. Na kuna jambo wengi hawalijui: ndugu zake wanne, Sangamon, Suwannee, Chenango na Santee, waligeuzwa kuwa meli za kubebea ndege kweli mwaka huohuo 1942. Gamba ni lile lile. Usiandike kwamba Wajapani walizichanganya na hizo, maana ubadilishaji ulikamilika baada ya Neosho kuzama. Andika tu kwamba umbo liliruhusu.

Gharama ya kosa lile kwa Wajapani ilikuwa kubwa. Wakati ndege 78 zikihangaika na meli ya mafuta, ndege za Lexington na Yorktown zilikuwa zikiizamisha Shoho, meli ya Kijapani ya kubebea ndege.

La pwani yetu: Shokaku na Zuikaku zilikuwa zimetoka Bahari ya Hindi. Ndizo, pamoja na wenzake, zilizoipiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee tarehe 9 Aprili. Tarehe 9 hiyo Waingereza walipoteza Hermes, meli yao ya kubebea ndege, na pamoja nayo meli mbili za mafuta, Athelstane na British Sergeant. Baada ya pigo lile Admirali James Somerville alizituma manowari zake kubwa za zamani Kilindini, Mombasa, zikajikinge huko. Zile meli mbili za Kijapani zikiwa njiani kurudi nyumbani zikageuziwa kusini, na chini ya mwezi mmoja zikawa juu ya Neosho. Anayesoma kwa Kiswahili akionyeshwa kwamba ndege zilizoipiga Neosho zilitoka kwenye meli zilizozisukuma manowari za Uingereza hadi Mombasa, Bahari ya Matumbawe haitakuwa mbali tena.

BatliMpya

Hilo la Kilindini litakuwa ufunguzi wa makala. Swali la mwisho: nikitaka kuhakikisha tarehe za safari za kawaida, zile zisizo na vita, nitazame wapi, na nijihadhari na nini?

TeziNaOmo

Batli (madaftari ya kila siku) za meli za jeshi la Marekani za kipindi hicho ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, jengo la College Park, Maryland, kundi la kumbukumbu namba 24. Shajara za vita na ripoti za mapigano ziko kundi namba 38. Omba kwa jina, namba ya meli na mwezi. Batli zilitumwa makao makuu mwezi kwa mwezi, kwa hiyo meli iliyozama huwa na miezi yote isipokuwa ule wa mwisho. Kwa Mei 1942 utegemee ripoti ya Kapteni Phillips ya tarehe 25 Mei, iliyoandikwa baada ya kuokolewa. Orodha za mabaharia ni nyaraka nyingine. Hizo ndizo za kulinganishia majina.

Namba ya meli usiiache hata kwenye maelezo ya picha. Kuna Neosho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ya 1863, iliyokuwa manowari ya mtoni yenye chuma. Kuna yetu, AO-23. Kuna AO-48 iliyochukua jina mwaka huohuo wa 1942, na hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi, maana ukitafuta "Neosho 1944" utaipata ikiwa kazini Pasifiki na kudhani wamekosea tarehe ya kuzama. Kisha AO-143, iliyoingia kazini 1954. Nyota za vita za AO-23 ni mbili tu. Ukiona orodha yenye zaidi, umeshahamia meli nyingine bila kujua.

FundiVali

Moja la mwisho kwenye vipimo: maandishi mengine yanatoa uwezo wa matangi kwa galoni. Pipa ni galoni 42 za Marekani, siyo za Uingereza. Ukichukua galoni ya Uingereza ya lita 4.5 utaipa Neosho lita milioni 4 na zaidi ambazo haijawahi kubeba.